Maswali ya Wasomaji: Kumwamini Daktari na Kumuuliza

Barua nyingi zilizofika katika safu hii tangu toleo lililopita zinagusa jambo moja kwa njia tofauti: msomaji amekwenda hospitali, ameambiwa neno, kisha amerudi nyumbani na shaka ambayo hakuthubutu kuisema mbele ya daktari. Nimefanya kazi ya uuguzi wodini na katika chumba cha upasuaji hadi kustaafu kwangu, na shaka hiyo nimeiona mara nyingi katika nyuso za wagonjwa na ndugu zao. Nimechagua barua chache ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari aliyemwona mgonjwa kwa macho yake na kumgusa kwa mikono yake.

Sista, shikamoo. Mwanangu ana miaka mitatu. Alipata homa usiku, na asubuhi nikampeleka zahanati iliyo karibu na nyumbani. Walimpima damu na mkojo, wakaniambia malaria hana ila ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi, hivyo aanze sindano za siku tano. Fedha hazikutosha, nikampeleka hospitali ya wilaya. Huko daktari alimwangalia masikio, koo na kifua, akamhesabia pumzi, akasema ni mafua ya virusi. Alinipa dawa ya kushusha homa na kuniagiza nimrudishe baada ya siku mbili ikiwa homa haijakoma. Mume wangu anasema daktari huyo hakufanya lolote, na kwamba zahanati ndiyo iliyompima mtoto. Mtoto sasa ni mzima, lakini mabishano nyumbani hayajaisha. Nani alikuwa sahihi? — Mama wa watoto wawili, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo uliyonipa, naegemea upande wa daktari wa hospitali ya wilaya, na nitaeleza sababu zangu kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili linawahangaisha wazazi wengi.

Tumejizoesha kumpima daktari kwa wingi wa vitu anavyotoa. Mzazi anayerudi nyumbani na mfuko wa dawa, karatasi tatu za maabara na mtoto mwenye alama ya sindano huona amehudumiwa, na yule aliyepewa parasetamoli peke yake huona amedharauliwa. Lakini katika ugonjwa wa mtoto, kazi kubwa ya daktari ni kutambua nani anahitaji dawa kali na nani hahitaji, na kazi hiyo hufanyika kwa macho, masikio, vidole na maswali kabla haijafika maabara. Daktari aliyeinua fulana ya mwanao na kumhesabia pumzi kwa dakika nzima alikuwa anafanya kipimo, tena kipimo cha maana sana. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano mwenye kikohozi anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika hushukiwa kuwa na nimonia. Aliye chini ya hapo, asiyebonyea kifua na anayekunywa vizuri, mara nyingi ana mafua tu.

Watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliofikishwa kliniki Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014. Zaidi ya watoto 6 kati ya 10 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Malaria ilipatikana kwa asilimia 10.5, UTI kwa asilimia 5.9, na homa ya matumbo, ndiyo hiyo taifodi, kwa asilimia 3.7 tu. Watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibayotiki haiutibu. Mwombe mume wako alinganishe takwimu hizo na majibu tunayopewa mitaani, ambako ni nadra mtoto mwenye homa kutoka bila UTI, taifodi, au vyote viwili.

Kuna sababu za kimaabara za tofauti hiyo. Kipimo cha taifodi kinachotumika katika zahanati nyingi ni cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu mwenyewe, bali askari wa mwili waliojitokeza kupambana naye, na askari hao hubaki katika damu muda mrefu baada ya ugonjwa kupona, au hujitokeza kwa sababu ya chanjo au maambukizi mengine yanayofanana. Katika nchi ambazo homa ya matumbo ipo siku zote, mtu asiye na ugonjwa wowote anaweza kupimwa leo na kuandikiwa 1:80, namba ambayo mara nyingi husomwa kuwa ni taifodi. Kipimo kinachotegemewa ni kuotesha damu maabara ili kuona kama mdudu mwenyewe atakua, ambacho huchukua siku kadhaa na hakipatikani kila mahali. Mkojo nao una matatizo yake: wa mtoto mdogo, ukikingwa bila kumsafisha kwanza, au ukiachwa mezani saa nyingi kabla ya kupimwa, utaonyesha bakteria ambao hawakutoka katika kibofu. Chembe za usaha mbili au tatu zilizoandikwa kwenye karatasi hazitoshi kumpa mtoto sindano za siku tano.

Simaanishi kwamba wahudumu wa zahanati hiyo ni wezi. Wengi wao hufanya kazi bila vifaa vya kutosha, na wanajua kwamba mzazi akiambiwa "ni virusi, mpe maji" ataondoka kwa hasira na kwenda zahanati inayofuata. Sisi wazazi tuna mchango wetu katika hali hii. Wala simaanishi kwamba UTI na homa ya matumbo ni magonjwa ya kubuni. UTI isiyotibiwa inaweza kumharibia mtoto figo, na homa ya matumbo inaweza kutoboa utumbo. Ndiyo maana yanapaswa kuthibitishwa, yatibiwe yakiwepo na yasitajwe yasipokuwepo, kwa kuwa kila antibayotiki inayotumika bila sababu huwafundisha vimelea kuizoea, na siku mwanao atakapoihitaji kweli huenda isimsaidie.

Jambo lililonifanya nimwamini daktari yule ni lile agizo la kumrudisha mtoto baada ya siku mbili. Daktari anayeweka siku ya marejeo anakiri kwamba ugonjwa unaweza kubadilika na anajiwekea nafasi ya kusahihisha uamuzi wake. Ningependa pia angekueleza dalili ambazo hazingojei siku hizo mbili: mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, au akipumua kwa kasi huku kifua kikibonyea kwa ndani, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sista, shikamoo. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa nyonga katika hospitali ya rufaa. Kuanzia wodini hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji aliulizwa jina lake, mwaka wa kuzaliwa na upande unaouma, kwanza na muuguzi, kisha na mtaalamu wa usingizi, kisha na daktari mwenyewe, ambaye alimchora alama pajani kwa kalamu. Mama aliingiwa na hofu, akaniambia, "Hawa hawajui wanachokwenda kufanya." Je, huo si uzembe? — Binti yake, Moshi

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole ya maumivu, kisha mwambie kwamba alikuwa katika mikono ya watu makini. Hospitali ya kuogopwa ni ile isiyouliza.

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishana nafasi. Aliyekuwa na tatizo la goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na uvimbe kichwani alipasuliwa mguu. Wa pili alifariki baadaye. Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, madaktari walimfungua fuvu mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji, kwa kuwa utambulisho wake ulichanganywa na wa mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kichwani, na hawakugundua hadi walipoitafuta damu hiyo na kuikosa. Hospitali zote mbili zina madaktari bingwa waliosoma sana, na ujuzi wa kupasua ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama na kuuliza: huyu ni nani, na tunampasua wapi?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Jina, aina ya upasuaji na upande unaopasuliwa ni miongoni mwa mambo hayo. Mengine ni mzio wa dawa, damu ya akiba, antibayotiki ya kinga, na kuhesabu pamba na vifaa ili kisibaki kitu tumboni. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji mbalimbali duniani, na mojawapo ilikuwa hapa kwetu Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji yakapungua kutoka asilimia 11 hadi 7. Najivunia kwamba Ifakara imo miongoni mwa miji ile pamoja na London na Toronto.

Lakini karatasi peke yake haiokoi mtu. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilipozitaka hospitali zake zote zitumie orodha kama hiyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 katika hospitali 101 haukuona upungufu wa maana wa vifo. Nimeona kwa macho yangu jinsi fomu inavyoweza kujazwa vema zote kabla mgonjwa hajafika, na nimeona pia daktari mkuu akisimamisha kisu kwa sababu muuguzi mdogo kuliko wote chumbani alisema hesabu ya pamba haijatimia. Ubora wa hospitali huonekana hapo: je, mtu mdogo anaweza kumsimamisha mkubwa, na mkubwa akasikiliza?

Kwa hiyo mama anapoulizwa jina kwa mara ya nne, asijibu "ndiyo" kwa kutikisa kichwa. Alitaje jina lake lote mwenyewe, na kama bangili ya mkononi imeandikwa tofauti, aseme hapo hapo.

Sista, shikamoo. Baba yangu ana miaka 68 na anasumbuliwa na tezi dume. Amezibwa mkojo mara mbili mwaka huu, na kila mara aliwekewa mpira wa kutolea mkojo. Daktari wa kwanza alisema apasuliwe. Kwa kuwa hatukuridhika, tulimpeleka kwa daktari mwingine, na karatasi za kwanza tukaziacha nyumbani makusudi ili tuone kama naye atasema vilevile. Huyu wa pili alimwandikia vidonge na kusema upasuaji si wa haraka. Sasa tumechanganyikiwa, na baba anasema madaktari wote wanabahatisha. — Mtoto wa kwanza, Tanga

Marahaba, baba. Mmefanya jambo moja la haki na jingine lililowaponza.

La haki ni kutafuta maoni ya daktari wa pili. Kabla ya upasuaji usio wa dharura hiyo ni haki ya mgonjwa popote, na daktari anayejiamini hanuni akiambiwa, "Daktari, tunaomba muhtasari wa maandishi ili tupate maoni mengine." Wengine hata humtaja mwenzao wanayemwamini. Lililowaponza ni kuziacha karatasi. Najua nia yenu ilikuwa kumpima daktari, na si ninyi peke yenu mnaofanya hivyo. Lakini hamkumpima, mlimnyima nusu ya habari kisha mkachukua uamuzi alioutoa kwa nusu hiyo na kuulinganisha na uamuzi wa aliyeijua yote.

Tezi dume huizunguka njia ya mkojo mara tu inapotoka katika kibofu, na kwa wanaume wengi hukua kadiri umri unavyosonga bila kuwa saratani. Mzee anayeamka mara kadhaa usiku na kutoa mkojo mwembamba anaweza kabisa kuanza na vidonge. Vipo vinavyolegeza misuli ya shingo ya kibofu, kama tamsulosini, ambavyo huleta nafuu ndani ya siku au wiki chache, na vipo vinavyopunguza ukubwa wa tezi yenyewe, kama finasteridi, ambavyo huhitaji takriban miezi 6. Kama daktari wa pili aliambiwa habari hizo tu, alijibu vizuri. Lakini mzee aliyezibwa mkojo kabisa, akawekewa mpira, ukatolewa, kisha akazibwa tena, yumo katika kundi jingine. Kuziba kunakojirudia, mkojo unaorudi nyuma na kuumiza figo, mawe katika kibofu, maambukizi yasiyokoma na kutokwa damu ni sababu zinazotambulika za kupasua. Daktari wa kwanza hakubahatisha.

Ushauri wangu ni kwamba mrudi kwa daktari wa pili mkiwa na karatasi zote, mumweleze kwamba mpira umewekwa mara mbili, kisha mumuulize mambo haya. Figo zikoje, yaani kiwango cha kreatinini katika damu ni kiasi gani? Baada ya kukojoa, mkojo kiasi gani hubaki katika kibofu kwa kipimo cha altrasaundi? Kipimo cha PSA, yaani kile cha damu cha tezi dume, kilifanyika lini, na je, mpira ulikuwa umewekwa wakati huo? Swali hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu mpira na maambukizi hupandisha PSA hata pasipo saratani, na finasteridi kwa upande wake huishusha kwa takriban nusu baada ya miezi kadhaa, hivyo asiyejua kwamba mgonjwa anaitumia anaweza kudanganyika. Ikiwa kuna shaka ya saratani, jibu hupatikana kwa kuchukua kipande kidogo cha nyama ya tezi na kukipima. Na kama baba anatumia dawa za mitishamba, zitajeni pia. Daktari hawezi kuzizingatia asizozijua, hasa akipanga nusu kaputi na kutaka kujua kama kuna kitu kinachoongeza kutoka damu.

Hata wakiwa na karatasi zilezile, madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana, mmoja akiwa na moyo wa kungoja na mwingine akiona hatari ya kungoja ni kubwa zaidi. Hapo ndipo matakwa ya baba mwenyewe yanapoingia: anaweza kuvumilia nini, anaogopa nini, kazi yake ni ipi. Sijaona katika barua yako mahali ambapo aliulizwa.

Sista, shikamoo. Mke wangu alikuwa na uchungu tangu alfajiri katika hospitali binafsi. Saa kumi jioni daktari alitoka na kusema mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka na inabidi apasuliwe. Nikatia sahihi. Mtoto alizaliwa akilia vizuri sana. Ndugu zangu sasa wanasema mtoto aliyekuwa hatarini hawezi kulia hivyo, na kwamba tuliuziwa upasuaji. — Baba mpya, Mwanza

Marahaba, na hongereni kwa mtoto. Mtoto aliyetolewa kwa wakati hulia vizuri. Hilo ndilo lengo la kumtoa. Uamuzi wa daktari hupimwa kwa yale aliyoyajua saa kumi jioni. Mapigo ya mtoto tumboni huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, na yakishuka na kukawia kupanda, hasa baada ya kila uchungu, ni ishara kwamba huenda hapati hewa ya kutosha. Ishara hiyo si kamilifu. Mara nyingine hutia hofu ambayo baadaye huonekana haikuwa na msingi, lakini hakuna daktari anayeweza kujua hivyo kabla ya mtoto kuzaliwa.

Hata hivyo, swali la ndugu zako halina ubaya, na sitalifunika. Hospitali inayolipwa kwa kila huduma hupata zaidi kwa upasuaji kuliko kwa uzazi wa kawaida. Mwaka 1985 wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Afya Duniani walisema hakuna sababu ya eneo lolote kuzidisha asilimia 10 hadi 15 ya uzazi kwa upasuaji, na mwaka 2015 shirika hilo lilieleza kwamba kiwango cha upasuaji katika jamii kikishavuka asilimia 10, ongezeko zaidi haliendi pamoja na kupungua kwa vifo vya akina mama na watoto wachanga. Zipo hospitali zilizovuka hapo kwa mbali. Takwimu za jamii, hata hivyo, haziwezi kukuambia kama mke wako alihitaji upasuaji. Linaloweza kukuambia ni patografu, ile chati ambamo wakunga huandika mapigo ya mtoto, kufunguka kwa njia na nguvu ya uchungu saa baada ya saa. Kama imejazwa na inaonyesha mapigo yakishuka, ndugu zako wamejibiwa. Kama haikujazwa kabisa, hapo una haki ya kuomba maelezo.

Ombeni pia muhtasari wa upasuaji, nao muutunze kama cheti cha kuzaliwa. Unapaswa kueleza sababu ya upasuaji na namna mfuko wa uzazi ulivyokatwa, kwa upana sehemu ya chini au kwa urefu, kwa kuwa mimba ijayo swali la kama mkeo anaweza kujaribu kujifungua kawaida litategemea sana jambo hilo. Kwa vyovyote atajifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji. Na sahihi uliyoitia, ndugu yangu, ilipaswa kuwa yake. Mama mwenye akili timamu na fahamu zake ndiye anayetoa ridhaa juu ya mwili wake, mume hushirikishwa.

Sista, daktari alifungua simu yake mbele yangu kutafuta dozi ya dawa. Niendelee kumwamini? — Msomaji, Morogoro

Endelea. Dozi za dawa nyingi hutegemea uzito, umri, hali ya figo na dawa nyingine unazotumia, na miongozo ya matibabu hubadilika kila baada ya miaka michache. Anayehakikisha anakulinda zaidi kuliko anayetegemea kumbukumbu ya chuoni.

Sista, shikamoo. Baba alilazwa kwa shinikizo la damu na akafariki usiku wa pili. Tuliita muuguzi mara nyingi kabla hajaja, na daktari wa zamu hatukumwona hadi asubuhi. Hakuna aliyetueleza kilichotokea. Tulipouliza, tuliambiwa ni mipango ya Mungu. Hatutaki fedha, tunataka kujua. Twende wapi? — Familia, Mbeya

Poleni sana, wanangu. Mungu ampumzishe baba. Imani yenu ni yenu na itawafariji, lakini mhudumu wa afya hana haki ya kuitumia kama jibu la swali la kitabibu. Usiku ule wodini huenda muuguzi alikuwa mmoja kwa wagonjwa wengi kupita kiasi. Nimezifanya zamu za namna hiyo na ninajua uzito wake. Hiyo inaweza kuwa sababu, na kama ndiyo sababu, uongozi wa hospitali unapaswa kuisema kwa kinywa chake ili zamu ijayo iongezewe watu.

Anzeni kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali hiyo. Ombeni kwa maandishi kikao cha maelezo pamoja na daktari aliyekuwa zamu na muuguzi kiongozi wa wodi, na muombe faili liwepo mezani. Ulizeni shinikizo la damu lilipimwa saa ngapi na saa ngapi, lilikuwa kiasi gani kila mara, dawa gani ilitolewa, daktari aliitwa saa ngapi, na sababu ya kifo iliyoandikwa ni ipi. Hospitali nyingi za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii ambayo inaweza kuwasaidia kupanga kikao hicho. Mkikosa jibu, pelekeni barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupokelewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na yanayomhusu muuguzi au mkunga hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mabaraza haya yana mamlaka ya kisheria ya kuchunguza, kuonya na hata kufuta usajili. Wasomaji wetu wa Kenya hupeleka malalamiko ya namna hii kwa baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno nchini humo, KMPDC.

Msiende na kundi la watu kumzonga muuguzi wodini. Nimeona hayo yakitokea, na baada yake kila mtumishi alifunga mdomo na familia haikupata inachokitafuta. Barua mliyoniletea imeeleza kila tukio na saa yake, bila matusi na bila kumhukumu mtu. Iandikeni hivyo hivyo kwa Mganga Mfawidhi, mtaje namba ya faili la baba, na nakala itakayobaki kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjaondoka ofisini.